Samaki Wageni Katika Majokofu ya Voi

Mtu atokaye Bura kwenda Voi mwisho wa mwezi, baada ya kupita Mwatate na mashamba yake ya katani na kuteremka katika joto la nyika, aghalabu huwa na orodha fupi ya haja zake: unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, na pengine madaftari ya watoto, na samaki, akiwamo katika orodha hiyo, huwa ni samaki mmoja tu, tilapia wa kukaanga, kwa kuwa ndiye ajulikanaye. Lakini maduka makubwa ya kujihudumia, ambayo kila mtu huyaita supamaketi, yameingiza majokofu marefu yenye vifuniko vya kioo, na kadiri mnunuzi anavyokwenda kutoka duka dogo hadi kubwa, na kutoka Voi hadi Mombasa, ndivyo anavyozidi kukuta ndani ya majokofu hayo viumbe ambavyo babu yake hakuwahi kuviweka sufuriani: ngisi waliokatwa pete, makareli wazima ambao macho yao yamefunikwa na utando wa barafu, minofu myeupe ya samaki aitwaye basa, vipande vya jodari vyekundu, na pakiti ndogo za salmoni ambazo bei yake humfanya mtu azirudishe taratibu pale alipozitoa.

Pwani, samaki huuzwa pamoja na elimu yake. Mchuuzi wa sokoni Mombasa, akikutana na mnunuzi asiyemjua changu kwa tafi, humwambia bila kuombwa mara mbili kwamba huyu ni wa kupaka na yule ni wa mchuzi, kwamba huyu ana miiba midogo isiyowafaa watoto, na kwamba yule mwingine asilazwe hadi kesho. Na mama karanga, akaaye jioni kando ya karai lake la mafuta, hujua kwa kumbonyeza kwa kidole tu ni samaki gani atastahimili moto na ni yupi atavunjika vipande. Elimu hiyo haikuhitaji kuandikwa popote, maadam muuzaji na mnunuzi walikutana uso kwa uso. Jokofu limeuvunja mkutano huo. Lina bei, lina uzito, lina tarehe, na wakati mwingine lina picha ya sahani iliyopambwa kwa limau. Lakini halimwambii mama wa Bura kwamba ngisi akipikwa dakika 10 atakuwa mgumu hata meno yamkatae, ilhali akipikwa dakika 2, au dakika 50, atakuwa laini. Kwa hiyo mtu hununua mara moja, hushindwa, humlaumu samaki, na kurudi kwa tilapia wake. Mimi naona samaki hana kosa katika kesi hiyo, na elimu inayokosekana si nyingi kiasi cha kumtisha mtu anayejua kupika maharagwe vizuri.

Haifai, hata hivyo, kusema kana kwamba samaki wa mbali ni jambo jipya katika milima ya Taita. Papa mkavu na ng'onda, waliotiwa chumvi na kuanikwa juani, ndio samaki wa bahari walioweza kusafiri bara kabla ya barafu kuwako, kwa kuwa chumvi na jua vilifanya kazi ambayo leo hufanywa na umeme. Na reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, ilipopita Voi iliifupisha safari yao kupita kiasi. Tawi la kutoka Voi kwenda Taveta lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa minajili ya kupeleka askari na mizigo kuwakabili Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka, na Bura ikawa mojawapo ya stesheni zake. Bura yenyewe ilikuwa imekwisha kupata haja ya pekee ya samaki: Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianzisha misheni hapa mwaka 1892, na pamoja na kanisa na shule ikaja kanuni ya Kikatoliki ya kujinyima nyama siku ya Ijumaa, hususan katika Kwaresima, kanuni ambayo haimkatazi muumini samaki. Katika nchi iliyo mbali na bahari kanuni hiyo si nyepesi, na wengi wetu huitimiza kwa maharagwe, kwa mchicha, na kwa mkebe wa dagaa wa mafuta uliofunguliwa kwa kisu. Mwenye duka mwenye akili huitazama kalenda ya Kanisa kabla ya kuagiza samaki.

Sasa tuwatazame wageni wenyewe, tukianza na yule ambaye si mgeni kwa jina. Tilapia wengi waliomo majokofuni hutoka China, wakiwa wamefugwa mabwawani, wakagandishwa na kuvuka bahari, kisha wakapanda bara kwa gari, na baada ya safari hiyo yote bado huweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko ndugu zao wa Ziwa Viktoria. Mwaka 2018 mjadala juu yao ulipamba moto hata Rais Uhuru Kenyatta akausemea hadharani, akitaka uagizaji uzuiwe ili wavuvi na wafugaji wa hapa wapate soko. Lakini samaki hao wangali wakiingia nchini. Uvumi umewasingizia mengi. Nijuavyo mimi ni kwamba nyama yao ni laini mno na ladha yao hafifu, na mtu akiwapika kwa chumvi na maji matupu, kama tunavyompika tilapia aliyevuliwa leo, atapata chakula kisichosema neno. Wapewe viungo vya kutosha, wakaangwe kwanza, na ndipo watiwe mchuzini.

Sangara, ambaye jirani zetu wa upande wa ziwa humwita mbuta, naye ni mgeni wa namna nyingine. Aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, akala samaki wadogo wa ziwa hilo hata aina nyingi zikatoweka, akakua mpaka wengine wakafikia kilo 200. Na viwanda vilivyojengwa kando ya ziwa vikaanza kumchuna minofu na kuipeleka Ulaya, huku mifupa yenye kichwa, iliyopewa jina la mgongo wazi, ikikaangwa na kuuzwa kwa watu ambao bei ya mnofu iliwashinda. Leo mnofu huo huo hupatikana katika jokofu la Voi. Ni mweupe, mnene, hauna miiba midogo, haunuki shombo kali, na hauvunjiki ovyo; kwa mtu anayeanza safari ya kula samaki asiowazoea, au mwenye watoto wanaoogopa miiba, sijui mwalimu mpole kuliko huyu.

Makareli hutoka katika bahari za mbali, lakini ni wa ukoo mmoja na kibua wetu wa pwani, na yeyote aliyekula kibua Mombasa atamtambua kwa mgongo wake wa mistari, kwa nyama yake iliyokoza rangi, na kwa mafuta yake mengi. Basa hufugwa katika mabwawa ya bonde la mto Mekong nchini Vietnam. Salmoni wengi wanaouzwa duniani ni wa kufugwa, na Norwe ndiyo iliyo mbele ya nchi zote katika ufugaji huo. Ile rangi yake ya machungwa, ambayo mtu hudhani ni dalili ya uzima, hutokana na chakula anacholishwa. Ama vile vijiti vyekundu na vyeupe vinavyoitwa vijiti vya kaa, msomaji ajue kwamba ni nyama ya samaki mweupe wa bei nafuu, iliyopondwa, ikatiwa wanga, chumvi na rangi, na ambayo aghalabu haina kaa ndani yake ila jina. Si haramu kuvila. Ni ghali tu kwa kitu kilichochanganywa na wanga.

Kununua samaki aliyegandishwa ni kazi ya macho na vidole, wala haihitaji kumjua samaki mwenyewe. Ichukue pakiti uigeuze chini juu. Ikiwa barafu imekusanyika pembeni ikaganda kwa umbo la maji yaliyosimama, na hasa ikiwa ina rangi ya damu, samaki huyo aliwahi kuyeyuka akagandishwa tena, yamkini stima ilipotea usiku au gari lilikwama njiani, na hapana viungo vitakavyoirudisha nyama yake iliyolegea. Ikiwa vipande vilivyopaswa kuwa mbalimbali vimeshikana vikawa bonge moja, hukumu ni ile ile. Mabaka meupe na makavu juu ya mnofu huonyesha kwamba baridi imeunyonya unyevu wake kwa muda mrefu. Hayadhuru afya, lakini hutafunika kama karatasi. Kisha kuna hila ya barafu. Samaki hutumbukizwa kwenye maji kabla ya kufungwa ili apate utando mwembamba wa kumkinga, jambo ambalo kwa kiasi chake ni jema. Lakini utando huo ukinenepa, mnunuzi hulipia maji kwa bei ya ngisi, na kwa hiyo yafaa kutafuta palipoandikwa uzito wa samaki bila barafu, na pasipoandikwa, kuwa na shaka. Mwisho, samaki hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mnunuzi hawezi kubeba kipimajoto, lakini aweza kuingiza mkono na kuchukua pakiti ya chini, kwa sababu ile ya juu, iliyo karibu na mlango unaofunguliwa kutwa, ndiyo ya kwanza kulegea.

Na mtu asione haya kuuliza. Nilimsikia mama mmoja wa makamo katika duka moja la Voi, ameshika pakiti ya makareli mkono mmoja na kikapu mkono wa pili, akimsaili kijana aliyekuwa akipanga bidhaa, baada ya kijana kumwamkia shikamoo naye kumwitikia marahaba, mwanangu.

“Hawa waligandishwa lini?”

“Mimi huwapanga tu, mama. Wanaletwa na gari.”

“Na hilo gari huja siku gani?”

“Jumanne, mama.”

“Na stima ilipopotea juzi, mliwatoa humu?”

Kijana akacheka, akatazama huku na huku, akasema walibaki humo humo na vifuniko havikufunguliwa. Mama akairudisha pakiti, akamwambia kwamba atakuja Jumanne. Mwenye duka angalikuwapo angalijua kwamba amekutana na mteja wa kumheshimu.

Swali la mama yule halikuwa la upuuzi. Makareli, kibua, jodari, sehewa na nguru, wote wa ukoo mmoja, wana jambo moja ambalo kila anunuaye samaki hao mbali na bahari hana budi kulijua: wakikaa katika joto, vijidudu huigeuza sehemu ya nyama yao kuwa sumu iitwayo histamini, ambayo humletea mlaji kuwashwa, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na kuharisha, mara nyingi kabla ya saa moja kupita tangu ale. Ubaya wa sumu hiyo ni kwamba haiondolewi na moto. Samaki aliyeharibika namna hiyo akichemshwa hata usiku kucha hubaki na madhara yake, wala kugandishwa tena hakumtakasi, kwa maana baridi huwalaza vijidudu bila kuwaua na haiwezi kufuta walichokwisha kufanya. Mtu akila samaki wa ukoo huu akahisi ladha ya pilipili isiyotiwa, au ulimi ukimchoma, na asimamishe mlo.

Ndiyo maana njia ya kutoka Voi hadi Bura ni sehemu ya upishi. Matatu husubiri ijae, jua la Voi halimwonei mtu huruma, na samaki aliyenunuliwa kabla ya sabuni na sukari hufika Mwatate akiwa amekwisha kuloanisha unga. Anunuliwe mwisho kabisa. Azongwe kwa magazeti mengi makavu, ambayo huzuia joto kuliko watu wanavyodhani. Na mwenye busara hutoka nyumbani na chupa ya maji yaliyogandishwa, akailaza kando yake kikapuni. Akifika, ikiwa nyumba ina friji, alazwe humo ayeyuke polepole; ikiwa haina, atumbukizwe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake, na apikwe siku ile ile. Kumwacha juu ya meza tangu asubuhi hadi jioni ni kuwaandalia karamu vijidudu nilivyovitaja.

Kabla ya kuingia jikoni, neno moja kwa mwenye wageni. Jirani Msabato hali samaki asiye na magamba na mapezi, kwa kufuata sheria ya kitabu cha Walawi, na kwa hiyo ngisi, pweza, kamba, papa na hata kambale hawamfai; Waislamu wa pwani, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii, huwala viumbe vya bahari kwa jumla bila kuhitaji kuchinja; na Mkatoliki wa Bura hali nyama Ijumaa Kuu lakini aweza kukaribishwa kamba bila kuvunja amri. Maharagwe yawepo mezani siku zote.

Katika kupika, samaki asiyejulikana aulizwe mambo mawili tu: ana mafuta au hana, na nyama yake imeshikamana au imelegea. Majibu yapo katika mwili wake. Nyama iliyokoza rangi na inayoacha utelezi kwenye vidole ina mafuta. Nyeupe inayong'aa haina. Mnofu ubonyezwao ukarudi umeshikamana. Ubonyezwao ukabaki na shimo umelegea. Mwenye mafuta hupenda moto mkali na kitu kichungu au kikali, mathalan ukwaju, siki, ndimu au embe bichi. Asiye na mafuta huhitaji kukopeshwa mafuta, na hapo ndipo tui la nazi linapostahili sifa zake. Najua wako watakaonipinga, kwa kuwa watu wa bara, pindi waingiapo katika upishi wa pwani, hudhani kwamba kila samaki hana budi kutiwa nazi. Lakini makareli katika tui zito ni mafuta juu ya mafuta, na baada ya vipande viwili moyo hukinai.

Makareli basi akatwe angali nusu barafu, wakati kisu kinapopita vizuri na matumbo hutoka yote pamoja. Kandokando ya uti wa mgongo, ndani ya tumbo, kuna mstari wa damu nyeusi. Humo ndimo shombo lilimolala, na ukikwanguliwa kwa ncha ya kijiko na kuoshwa, nusu ya malalamiko ya watu juu ya samaki huyu huondoka nao. Asuguliwe chumvi na ndimu, aachwe kiasi cha dakika 20, asuuzwe, akaushwe kwa kitambaa. Anayetaka kumbanika juu ya makaa amchanje ubavuni mara tatu na asimpake mafuta yoyote, kwa sababu yake mwenyewe yatachuruzika na kuuamsha moto. Anayetaka mchuzi akaange vitunguu mpaka viwe kahawia, atie saumu, bizari nyembamba na giligilani, kisha nyanya, kisha maji ya ukwaju yaliyochujwa, na ukwaju ni mti wa nyika hii hii yetu, hauhitaji kuagizwa Mombasa. Mchuzi ukishaiva na kuwa mzito ndipo samaki alazwe ndani yake, asikorogwe, sufuria itikiswe tu kwa kushikwa masikio yake, na baada ya dakika 10 iepuliwe. Mchuzi huo huwa mtamu zaidi siku ya pili, iwapo pana friji ya kuulaza.

Ngisi ndiye aliyewakatisha watu tamaa kuliko wote, kwa hiyo nitamkalia kidogo. Akiwa mzima, shika kichwa kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine, uvute taratibu. Kichwa kitatoka na matumbo yote, pamoja na kifuko kidogo cha wino ambacho kikipasuka kitatia weusi ubao, mikono na nguo bila kudhuru chochote. Ndani ya mwili uliobaki papasa kwa kidole utakuta kiunzi kimoja chembamba, kigumu, kinachopenya nuru, kivute. Ile ngozi ya rangi ya zambarau huchunika kwa ukucha. Kinachobaki ni mfuko mweupe, na mikono yake iliyokatwa chini ya macho, navyo ndivyo viliwavyo. Nyama hii imefungwa kwa nyuzi ambazo joto huzikaza mara moja, na zikishakazwa haziachii mpaka zichemke muda mrefu na kuyeyuka zikawa uteute. Ndiyo maana hakuna njia ya katikati. Njia ya haraka ni hii: pete zikaushwe kabisa, kikaango kiwe na moto wa kutisha, mafuta kidogo na saumu, pete zimwagwe chache chache, zigeuzwe mara moja, na kabla hujamaliza kumwita mtu alete sahani ziwe zimetoka. Ndimu itiwe baadaye. Zikitiwa zote kwa pamoja zitatoa maji, moto utapoa, na utakuwa umezichemsha bila kutaka. Njia ya pili humfaa mwenye kuni au jiko la makaa na jioni ndefu: vitunguu, nyanya na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, pete zitiwe na tui jepesi, zifunikwe, moto uwe mdogo, na kwa muda wa dakika 45 hadi 50 mpishi ashughulike na mambo mengine; tui zito humwagwa mwisho, likichemka mara moja latosha.

Pweza hufuata kanuni ya pili, naye ana bahati moja: wavuvi wa pwani humpiga juu ya mwamba ili alainike, lakini aliyegandishwa amekwisha kupigwa na barafu, ambayo ikikua ndani ya nyama huzikata nyuzi zake, na kwa hiyo pweza wa jokofuni hulainika upesi kuliko aliyetoka baharini bila kupigwa. Hii ni sifa mojawapo ambayo watu wa pwani hawataki kumpa.

Basa ana maji mengi. Akitiwa kwenye wavu juu ya makaa atapita katikati ya vyuma. Abanwe kwa kitambaa, apakwe chumvi na unga, akaangwe kwa mafuta yenye moto. Jodari hana uvumilivu, akikaa motoni hukauka, naye akatwe mapande manene na kugeuzwa upesi. Papa mbichi, kwa tabia ya ukoo wake, huhifadhi mwilini kitu ambacho baada ya kufa hugeuka amonia, na mwenye kumnunua huisikia harufu hiyo puani kabla ya kufungua mfuko. Kidogo huondoka kwa kumroweka katika maji ya siki au ndimu na kuyabadilisha, lakini ikiwa inatoa machozi, mrudishie mwenyewe. Fauka ya hayo, papa na samsuli, kwa kuwa huishi miaka mingi wakila samaki wengine, hukusanya zebaki mwilini, na wajawazito na watoto wadogo hushauriwa kuwaepuka.

Limebaki suala ambalo kila nipitapo mbele ya majokofu yale hunijia. Wilaya zetu za Taita na Taveta, ambazo leo ni kaunti moja, si nchi isiyo na samaki. Ziwa Jipe, lililolala mpakani chini ya milima ya Upare na kulishwa na mto Lumi utokao upande wa Kilimanjaro, lina perege wake ambaye wanasayansi wamempa jina la ziwa hilo, na Ziwa Chala, lile la shimo la volkano kaskazini ya Taveta, lina perege mwingine ambaye kwa asili hapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Barabara kutoka Taveta hadi Mwatate ni ya lami. Hata hivyo tilapia wa China ni rahisi kupatikana mjini kuliko perege wa Jipe, na sababu haiko kwenye barabara: magugu yamelifunika eneo kubwa la Jipe, udongo umelijaza, na perege wote wawili wamehesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka. Kwa hiyo siwezi kumshauri mtu adai Jipe na Chala yajaze majokofu ya Voi. Yeyote apataye samaki wa huko Taveta na ale kwa kiasi, akijua anakula nini.

Ningependa zaidi kumwona mwatiko. Samaki huyu wa fedha, mwenye mkia uliopasuka panda, hufugwa na vikundi vya wanakijiji katika mabwawa ya maji ya chumvi huko Kilifi na Kwale, kwa msaada wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Hula mimea ya majini na hivyo hahitaji kulishwa samaki wengine, na safari yake hadi Voi ingekuwa ya saa chache badala ya majuma. Aibu yake ni miiba, myembamba na mingi, ambayo humfukuza mnunuzi asiyejua dawa yake. Dawa ni kisu kikali: mbavu zichanjwe mistari ya karibu karibu, upana wa punje ya mahindi, kutoka mgongoni hadi tumboni, kila mstari uguse uti bila kuukata, ili miiba yote ikatike vipande vidogo, kisha apakwe chumvi, ndimu, saumu na pilipili manga, na akaangwe kwa mafuta mengi mpaka mistari ifunguke na kukauka. Hapo miiba hutafunwa pamoja na nyama bila mlaji kuisikia. Watu wa pwani humla kwa wali. Hapa Bura aliwe na kimanga cha muhogo na maharagwe, na pilipili ya kusaga kando.